Mtoto ana miezi tisa, na mama yake ana mimba tena

SWALI

Shikamoo mama. Nina miaka 28, naishi Newala, ni mkulima wa korosho na ninaendesha bodaboda. Mke wangu ana miaka 23. Mtoto wetu wa kwanza ana miezi tisa, alizaliwa kwa operesheni. Wiki iliyopita mke wangu alipima mkojo, akakuta ana mimba. Hatukupanga, wala hatukuwa na wasiwasi, maana tangu ajifungue hajaona siku zake. Sasa halali usiku, anasema hii mimba haitaki, na shoga yake kamwonyesha mtu anayeuza vidonge. Mama yangu anasema mimba ni riziki, lakini huyohuyo anasema pia tumembemenda mtoto. Mjomba wa mke wangu anataka kikao Ijumaa. Sijui nishike upande gani. Tufanye nini?

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Ndani yake nimesikia maneno ya mama yako, ya mjomba, ya shoga na ya muuza vidonge. La mkeo mwenyewe ni moja tu: haitaki. Haitaki kwa sababu gani, hukuandika. Sidhani umenificha. Nahisi hujamuuliza, au umemuuliza wakati mama mkwe yuko barazani anasikia.

Hapo nitarudi. Kwanza tuweke sawa mambo ya mwili, maana mnabishana juu ya mimba ambayo hamjui hata ina umri gani.

Kunyonyesha kunazuia mimba kweli, ila kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana bila uji wala maji, na mama hajaona damu ya mwezi. Sharti moja likivunjika, kinga haipo tena. Mtoto wenu alipotimiza miezi sita mkamwanzishia uji, mlifanya sawasawa, na hapohapo kinga ikawa imekwisha. Tena yai hutoka kabla ya damu. Mwanamke anaweza kushika mimba majuma mawili kabla ya ile hedhi ambayo ingemjulisha kwamba uzazi umerudi, na hedhi yenyewe asiione. Kwa hiyo msitafutane lawama ndani ya nyumba. Mtu anapotoka wodini na mtoto mkononi bila kuelezwa jambo hili mpaka akalielewa, deni hilo ni la sisi wauguzi.

Sasa jambo hilohilo linatupa kazi nyingine. Umri wa mimba tunauhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho: unaongeza siku saba, unasogea mbele miezi tisa, unapata tarehe ya matarajio. Mkeo hana hedhi ya kuhesabia. Anaweza kuwa na wiki sita, anaweza kuwa na wiki kumi na nne. Kipimo cha mkojo kinasema mimba ipo, basi. Hakisemi ni ya lini wala imekaa wapi. Kinachotakiwa ni altrasaundi, na ifanyike mapema, kwa sababu ndani ya miezi mitatu ya kwanza ndipo inapokadiria umri kwa usahihi zaidi. Na kwa mwanamke aliyepasuliwa kuna sababu kubwa kuliko hiyo ya tarehe. Mara chache mimba hujishikiza palepale kwenye kovu la operesheni. Hutokea pia ikakaa kwenye mrija, nje ya kizazi. Zote mbili zinaweza kumwaga damu tumboni na kumuua mtu, na mama wa namna hiyo anahudumiwa hospitali bila kungoja kikao cha ukoo.

Kuhusu kovu lenyewe, nisikutishe na nisikudanganye. Wanawake wengi waliozaa kwa kisu huzaa tena salama. Kwa waliopasuliwa mara moja wakajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, kizazi hupasuka kwa takriban mmoja kati ya 200. Pengo kati ya uzazi na uzazi likiwa chini ya miezi 18, hatari hiyo huongezeka. Ndiyo maana tunashauri mama apumzike angalau miaka miwili baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Tukikisia kwamba mkeo ana wiki nane au kumi, na sasa ni Mei, atajifungua Desemba, na pengo litakuwa kama miezi 16. Ni fupi. Maana yake, zahanati ya kijijini si mahali pake pa kuzalia safari hii, hata kama mkunga wa hapo ni hodari na ni ndugu yenu. Azalie penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea.

Sasa nirudi kwa mkeo.

Wodi ya wazazi nimeifanyia kazi miaka 31, nyingi zikiwa huku kwetu Kusini. Kuna binti mmoja simsahau. Alikuja kliniki na mimba ya pili, mtoto wa kwanza bado yuko mgongoni, akasema kama mkeo: hii siitaki. Wenzangu wawili wakamhubiria, mmoja kwa dini, mwingine kwa sheria. Yeye anaitikia tu kwa kichwa, macho chini. Nikamtoa nje, tukakaa chini ya mwembe, nikamuuliza: safari ile uliumia wapi? Akalia mpaka kanga ikalowa. Kumbe kule alikopasuliwa ganzi haikushika vizuri. Alisikia kisu. Alipiga kelele akaambiwa anyamaze, na tangu siku ile hakuna mtu aliyemuuliza, si mume, si mama, si sisi. Mimba kwake ilikuwa ni kurudi kwenye meza ile.

Sikusimulii haya ili ukamwambie mkeo "unaogopa tu". Pengine haogopi kabisa. Pengine amechoka. Huko juu kwenu uwandani najua maana ya kutafuta maji, na mtoto mgongoni, na kidonda cha tumbo ambacho bado kinamvuta akiinama. Pengine alikuwa na jambo lake alilotaka kulianza mwaka huu na hakukwambia kwa sababu hukuuliza. Na inawezekana mkaongea mpaka alfajiri na bado akabaki hataki. Hiyo ni haki yake kuisema, na wewe huna ruhusa ya kumgombeza kwa kuisema. Lakini mwondoe pale nyumbani, mpakie kwenye hiyo pikipiki, nendeni mkakae mahali pasipo na mama, shoga wala mjomba, kisha umuulize ilikuwaje ile siku ya operesheni. Ukishauliza, nyamaza. Wanaume mna haraka ya kutoa ufumbuzi.

Na huko kutolala, mwangalie vizuri. Kama kulianza kabla ya kupima mkojo, kama analia bila sababu, hana hamu ya kumshika mtoto, au ameshawahi kusema afadhali afe, basi anaweza kuwa na sonona ya baada ya kujifungua. Ni ugonjwa, una matibabu. Mwambie daktari siku hiyohiyo. Akitamka kujidhuru, usimwache peke yake hata kidogo.

Kuhusu kuitoa nitakueleza wazi, kwa sababu nikinyamaza mimi utaelezwa na muuza vidonge. Sheria yetu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu vya 150 mpaka 152. Anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa miaka 14. Mwanamke anayejitoa mwenyewe, miaka 7. Anayempatia dawa au kifaa akijua ni cha kazi hiyo, miaka 3. Kifungu cha 230 kinamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Tanzania iliridhia pia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, nayo inataja sababu zaidi ya hiyo, lakini vifungu nilivyokutajia bado vipo palepale. Kwa hiyo mlango uliopo ni mwembamba, na unapitia hospitalini. Kupasuliwa mara moja, peke yake, hakutoshi kuufungua. Mimba iliyokaa kwenye kovu, au ugonjwa mkubwa wa moyo, hayo ni mambo mengine, na daktari ndiye wa kusema. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda kupima hospitali, si kwa mganga wala mtaani: kama mkeo ana tatizo la namna hiyo, hamwezi kulijua mkiwa nyumbani.

Nina maoni yangu juu ya sheria hii, niliyapata usiku wa manane nikiwa nimeshika beseni la damu. Ila maoni yangu hayatamtoa mkeo mahabusu wala hayatamponya.

Huyo muuza vidonge hajui mimba ina wiki ngapi. Hajui kama iko ndani ya kizazi au kwenye mrija. Hajui kama mkeo amepasuliwa, hajauliza, na hata kilichomo kwenye kile kipande cha karatasi anachofungia dawa sina hakika kama anakijua. Nimepokea waliomeza, na nimepokea walioingiziwa kijiti cha muhogo, na waliokunywa majivu na bluu ya kufulia. Baadhi yao wametoka hospitali bila kizazi. Baadhi hawakutoka.

Ikiwa unasoma haya na mkeo ameshameza kitu, sikiliza. Akilowesha pedi mbili nzito ndani ya saa moja, na saa inayofuata hivyohivyo, akipata homa, akitokwa na uchafu wenye harufu, tumbo likamuuma kwa ukali au akizimia, mpelekeni hospitali sasa, msingoje kukuche. Mseme ukweli wa alichotumia na lini, maana matibabu yanategemea hilo. Huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa kwa mwanamke yeyote, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, na kazi ya muuguzi anayempokea ni kumtibu. Akikutana na mwenye mdomo mchafu, mvumilieni, ila msiondoke.

Tuje kwa mama yako na neno lake la kubemenda, maana naona linawachoma kuliko mnavyokiri.

Mimi nimezaliwa huku huku, nimechezwa unyago, maneno ya makungwi nayajua. Wazee waliona jambo la kweli: mtoto ambaye mama yake ameshika mimba upesi mara nyingi hudhoofika, nywele zinabadilika rangi, tumbo linakuwa kubwa, miguu inavimba. Waliona vizuri, ila sababu waliyoitaja siyo. Maziwa hayaharibiki kwa mimba, wala kwa baba na mama kulala pamoja. Kinachomharibu mtoto ni kukatishwa ziwa ghafla, anapelekwa kwa bibi kijiji cha pili asahau, na huko anapewa uji wa muhogo mtupu asubuhi na jioni. Ule ugonjwa ni utapiamlo. Kwa hiyo mtoto wenu msimwachishe. Mama mwenye mimba anaweza kuendelea kunyonyesha, isipokuwa kama anatokwa na damu, ana uchungu wa mapema au daktari amemkataza. Maziwa yatapungua mimba ikifika katikati, na ladha itabadilika, mtoto mwenyewe anaweza kusuasua. Kwa hiyo ongezeni chakula kuanzia leo. Miezi tisa anatakiwa ale mara tatu au nne kwa siku, kitu kizito, si uji unaomwagika kijikoni: mbaazi au kunde zilizopondwa, yai, samaki aliyetolewa miiba, mboga za majani, papai, na kijiko cha mafuta. Na korosho! Nashangaa kila mwaka, tunalima korosho, zote zinakwenda ghalani na mtoto anakula muhogo. Saga zile zilizovunjika, zichanganye kwenye uji wake. Mama yako akiuliza, mwambie Kurani inataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na muuguzi hana ugomvi na hilo.

Akisema tena mimba ni riziki, usimbishie. Muulize tu, kwa adabu, ni siku gani za wiki atakuja kuchota maji.

Kliniki, kama mimba inaendelea, ianze sasa, kabla ya wiki 12. Nenda naye. Wanaume wa huku mnabaki nje kwenye pikipiki mkichezea simu. Ingia ndani, mpimwe VVU na kaswende wote wawili. Damu yake ipimwe wingi. Mama mjamzito chini ya gramu 11 ana upungufu, na mwenye mtoto mchanga na mimba juu yake huishiwa damu upesi. Atapewa vidonge vya madini chuma na foliki asidi, avimeze hata kama vinamchefua. Mtwara ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo chandarua kila usiku, na SP, dawa ya kumkinga na malaria, tangu miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kila mwezi, akiimeza mbele ya muuguzi. Na mambo ya kupuliza mikorosho, Juni hii yasimhusu. Asichanganye dawa, asishike bomba, asifue nguo zako za shambani.

Operesheni ikibidi safari hii, itakuwa ya namna nyingine na ile ya kwanza, na hili nataka umwambie mwenyewe. Ya kupangwa hufanywa mchana, tarehe inajulikana, damu imeandaliwa, na mganga wa usingizi anaweza kuongea naye siku moja kabla. Kama safari ile ganzi ilimsumbua, aseme, iandikwe kwenye kadi. Kwa hesabu yetu ya Desemba, tangu mwishoni mwa Novemba, akifika wiki ya 36, asikae mbali na hospitali. Newala mna hospitali ya wilaya, kuna Ndanda, kuna Ligula mjini Mtwara. Daktari atakayeona altrasaundi na karatasi za operesheni ndiye atawaambia ipi inamfaa. Mvua zitakuwa zimeanza, na barabara za huko mnazijua kuliko mimi. Tafuta mapema ndugu wawili watakaojitolea damu.

Fedha: kwa sera, huduma ya mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure. Kwa uzoefu wangu utanunua vitu, na usafiri ni wako. Bahati ni kwamba minada ya korosho itakuwa imeanza. Malipo ya AMCOS, chama chenu cha ushirika, yakiingia benki, tenga ya uzazi kabla hujaitazama pikipiki ya pili. Nimeona Novemba nyingi, najua hela ya korosho inavyompa mwanaume mawazo.

Kikao cha Ijumaa kisogezeni. Mjomba ana heshima yake na kwa mila zetu watoto wa dada yake ni wake, siwezi kumfuta. Lakini mkienda kabla hamjapima na kabla mkeo hajasema lake, wazee watatoa uamuzi juu ya kitu wasichokijua, na uamuzi wa wazee ukishatoka mnajua ulivyo mgumu kuurudisha. Mpigie, mwambie, mjomba tunaomba tuonane baada ya hospitali. Atakuelewa. Anaweza pia kuwa na faida kubwa baadaye: kama mkeo ataibeba mimba hii lakini anaona hatamudu watoto wawili wadogo, ni ukoo wake utakaosema nani atakuja kukaa naye miezi ile ya mwanzo. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali naye yupo, mwulizeni.

Kuhusu upande wa kushika, mwanangu, mwili ni wake, kovu ni lake. Kaa upande wake hata pale ambapo mawazo yenu ni tofauti, na wakikukuta hapo watu wote wa nyumbani kwenu watapunguza sauti.

Baada ya kujifungua, msitoke wodini mikono mitupu. Kitanzi kinaweza kuwekwa palepale kwenye operesheni au ndani ya saa 48, kinakaa miaka kumi na zaidi. Kijiti cha mkononi kinaweza kuwekwa kabla ya kwenda nyumbani ingawa ananyonyesha, miaka mitatu au mitano kutegemea aina. Achague yeye, na mlizungumze kliniki mapema, si siku ile akiwa na usingizi wa dawa.

Jumatatu basi, nendeni hospitali mkapime. Beba kadi yake ya zamani na karatasi ya ruhusa aliyopewa baada ya operesheni, ile inayoeleza kizazi kilikatwa vipi. Kama imepotea, piteni kuiomba alikopasuliwa. Na kadi ya mtoto msiiache. Ametimiza miezi tisa, ana chanjo ya surua.